Usinibebee Mtoto, Nibebee Ndoo



Vijana wenzangu, kila likizo inapokaribia kuna swali linanifikia, na mara nyingi linatoka kwa vijana wenye moyo safi kabisa: "Dada, nataka kwenda kujitolea kwenye kituo cha watoto yatima. Naanzia wapi?" Wengine wanafikiria nchi jirani, wengine parokia ya pili tu. Leo sitajibu la kuanzia wapi. Nataka tukae kwanza na swali lililojificha chini yake, ambalo wengi tunalikwepa: je, ni haki kumfanya mtoto akupende, huku unaijua tarehe utakayomwacha?

Naomba usikimbilie kujibu. Ukisema "ndiyo, upendo ni upendo", kuna mtoto atakayelipa gharama ya jibu lako. Ukisema "hapana, basi tusiende", kuna mtoto mwingine atakayelipa hilo nalo.

Mimi ni mtu wa Taveta, upande wa Kenya. Kwetu, asubuhi mawingu yakiwa hayajapanda, Kilimanjaro unauona kama uko uani kwa jirani. Lakini ukivuka pale Holili pasipoti inagongwa muhuri, na ukifika Himo tayari wewe ni "mgeni wetu kutoka Kenya". Nilipomaliza chuo nilikwenda kujitolea mwaka mzima, Februari hadi Januari, kwenye makao ya watoto juu ya mji wa Moshi, kule migomba inapoanza kufunika nyumba. Kwa ajili ya watoto wenyewe sitayataja jina.

Siku inavyokwenda

Saa kumi na moja alfajiri, masista wakiwa kwenye masifu, jikoni kuni zimeshawaka. Unaanza na uji wa ulezi, maana wa shule ya msingi wanatoka mapema. Hapo unatafuta soksi ya pili ya mtu, unafunga vifungo vya sweta, unapaka mafuta miguu iliyopauka. Juni na Julai kule juu baridi haina mchezo. Wakubwa wakishaondoka, wanabaki wadogo na nguo. Nguo sasa! Mtoto anayekojoa kitandani haulizi kama jana ulifua mashuka kumi. Ukimaliza kuanika kuna maharage ya kuchambua, ndizi za kumenya kwa ajili ya mtori, maji ya kuchota bomba likigoma, na mmoja wa kupeleka zahanati. Saa kumi jioni wanarudi wa shule, kila mtu na daftari lake na kesi yake. Usiku tunasali rozari, fungu moja tu kwa sababu wadogo wanasinzia, halafu ugali na mchicha, halafu kulala. Kulala kwa watoto, yaani. Wewe unabaki na vyombo.

Naeleza haya kwa sababu wengi tunapowaza "kujitolea kwa yatima" picha inayokuja kichwani ni ya kumkumbatia mtoto. Kumkumbatia kupo. Lakini ukihesabu saa za siku, ni dakika chache. Nyingine zote ni ndoo, sufuria, sabuni na ufagio.

Na hizo dakika chache ndizo zenye swali gumu.

Siku yangu ya kwanza, nikiwa bado na begi mgongoni, mtoto wa miaka minne alitoka mbio, akanipanda mapajani na kuniita "Mama". Hajawahi kuniona. Jina langu halijui. Mgeni yeyote hapo moyo unayeyuka, unajisemea Mungu amenileta hapa kwa ajili ya huyu. Mama mlezi wa chumba kile, mama wa Kirombo mwenye miaka zaidi ya kumi katika kazi hiyo, alikuwa anatutazama huku anakamua nguo. Akaniambia kwa upole, bila kunikaripia: "Mwanangu, huyo humkimbilia kila mtu. Usifurahi."

Baadaye nilielewa. Julai na Agosti Moshi hujaa wageni. Wengine wanakuja kupanda mlima, mita 5,895 hadi Uhuru, na wengi wanataka pia kupata wiki mbili au mwezi wa kusaidia watoto. Ni vijana wazuri, nasema kweli. Wanafua, wanafundisha kusoma, wananunua dawa kwa pesa zao. Siku ya kuondoka wanalia, na watoto wanawaimbia wimbo wa kuaga. Huo wimbo wa kuaga, vijana wenzangu, watoto wa miaka mitatu wanaujua mwanzo hadi mwisho, na Baba Yetu bado hawajaimaliza.

Walichogundua wataalamu

Mama mlezi hakusoma saikolojia, lakini alichokiona kimeandikwa. Mwaka 1951 daktari Mwingereza John Bowlby aliliandikia Shirika la Afya Duniani taarifa kuhusu watoto waliokosa makazi ya kifamilia baada ya vita. Hoja yake ilikuwa kwamba mtoto mdogo, ili akili na moyo vikue sawa, anahitaji uhusiano wa joto na usiokatika na mama au mtu mmoja anayeshika nafasi ya mama. Chakula na kitanda havitoshi.

Miaka mingi baadaye, kuanzia mwaka 2000, watafiti waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakiishi kwenye vituo jijini Bucharest, Romania. Nusu walipelekwa kwenye familia za malezi, nusu wakaendelea na utaratibu wa kawaida wa vituo. Waliopata familia walisonga mbele katika mambo mengi, hasa waliopelekwa kabla ya kufikisha karibu miaka miwili. Na miongoni mwa watoto waliolelewa vituoni wataalamu waliona jambo lile lile la Moshi: mtoto anayemrukia mgeni yeyote, anayeweza kuondoka na mtu asiyemjua bila hata kugeuka nyuma. Sisi tunaona uchangamfu, "ana upendo huyu!" Wao wanaona dalili ya mtoto aliyekosa mtu wake. Mtoto mwenye mtu wake akimwona mgeni hujificha nyuma ya kanga ya mama yake kwanza, halafu anachungulia.

Sasa lirudie swali letu. Kama mtoto ameshaachwa mara kumi, na mimi najua nitakuwa wa kumi na moja, ninaleta nini?

Majibu mawili yanayodanganya

Jibu la kwanza linasema: basi usipende. Fanya kazi zako, usimshike mtoto, usijue majina, ili usimuumize. Hili linaonekana la busara, lakini jaribu kuliishi. Mtoto ameanguka kwenye ngazi, goti linatoka damu, analia. Utampita kwa sababu una tiketi ya Januari? Yule Msamaria naye alikuwa mpita njia. Kutopenda kwa kuogopa kuumiza ni kumpiga mtoto njaa leo ili asizoee kula.

Jibu la pili ndilo tamu zaidi, na ndilo linalotushika wengi: upendo wowote ni bora kuliko kukosa. Hata wiki mbili za furaha ni faida kwa mtoto. Hapa naomba tumsikilize Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefundisha, akimfuata Aristotle, kwamba kumpenda mtu ni kumtakia mema yeye. Anayetakiwa mema ni yeye, siyo mimi. Sasa pima. Ninapombeba mtoto siku nzima, ninapotaka anililie mimi na si mwingine, ninapopiga naye picha na kuiweka mtandaoni aone dunia nzima, mema ya nani yanatafutwa? Inawezekana kabisa ni ya mtoto. Inawezekana pia mtoto amegeuzwa dawa ya upweke wangu, au ushahidi kwamba mimi ni mtu mwema. Na kwa nje haya mawili yanafanana kama mapacha. Kukumbatia ni kule kule, machozi ni yale yale. Tofauti huja kuonekana siku ya kuondoka: nani amebaki na kitu mkononi?

Aliyeondoka bila kuacha yatima

Nilipokuwa kule nilisoma mara nyingi sura ya 14 ya Injili ya Yohane. Humo Yesu anawaahidi wanafunzi wake kwamba hatawaacha yatima. Ahadi hii huwa tunaisikia kwenye mahubiri na tunafarijika. Lakini angalia anaitoa lini. Anaitoa usiku ule ule anapowaambia waziwazi kwamba anakwenda zake. Anayesema "sitawaacha" ni mtu anayeaga!

Anawezaje kuondoka na asiwaache yatima? Ninaona mambo matatu pale. Kwanza, hakuwaficha. Aliwaambia mapema, hata kama mioyo yao ilifadhaika. Pili, aliahidi Msaidizi mwingine ambaye atakaa nao siku zote, na kazi yake ya usiku ule ilikuwa kuwaelekeza kwa huyo atakayebaki. Tatu, hakuwafungia kwake ili wamlilie yeye tu. Aliwapeleka kwa Baba.

Najua sisi si Yesu, na ufufuko hatuna mfukoni. Lakini kipimo anatupa. Kuondoka si dhambi. Dhambi ni kuondoka kwa kuvizia, kuondoka baada ya kujifanya mwisho wa safari ya mtoto, wakati wewe ulikuwa daraja tu.

Mama mlezi alinifundisha hilo hilo kwa maneno ya jikoni. Wiki ya pili nilikuwa na kawaida ya kuwabeba wadogo wakati yeye anahangaika na maji. Siku moja akanisimamisha: "Mwanangu, usinibebee mtoto. Nibebee ndoo. Mimi nikipumzika mkono, mtoto nitambeba mwenyewe. Mimi ndiye nitakayebaki naye."

Ukitaka kulikumbuka jambo moja tu kwenye andiko hili, likumbuke hilo. Mgeni akimbeba mtoto na mama akabeba ndoo, mtoto anajifunza kwamba joto hutoka kwa watu wanaopita, na anayebaki ni wa kupiga kelele na kufua. Mgeni akibeba ndoo, mikono ya mama inakuwa huru. Mtoto anapata kile kile alichokihitaji, tena kwa mtu ambaye kesho yupo.

Kwa hiyo tukajipanga hivyo. Mtoto akianguka, aliye karibu anamwokota, hilo halina mjadala. Lakini baada ya kumfuta machozi unampeleka kwa Mama: "Mwonyeshe Mama goti lako." Kulisha, kuogesha na kulaza wadogo ni kazi za Mama. Sabuni, kuni, maji, mashuka na hesabu za darasa la nne ni kazi zetu. Nitasema ukweli: kazi hizi haziliwazi. Hakuna anayekuita Mama ukiwa na ndoo. Lakini Mtakatifu Yosefu, aliyemlea Mtoto asiye wa damu yake, hana hata neno moja lake lililoandikwa katika Injili. Alifanya kazi, mtoto akakua.

Kihamba hakibebeki kwenye begi

Kuna hatua nyingine mbele zaidi ya mama mlezi. Hata yeye anajua hawezi kuwa kila kitu.

Kilimanjaro wana neno kihamba. Ni shamba la ukoo: migomba, kahawa, ng'ombe wa ndani, nyumba, na makaburi ya waliotangulia. Mchaga anaweza kuwa na duka Dar es Salaam au Mwanza, lakini Desemba mabasi yanajaa, wanapanda mlimani. Watu huwatania kwamba wanakwenda kuhesabiwa. Nilipoishi pale niliona utani huo una ukweli mzito. Kuhesabiwa ndiko hasa mtoto anakokuhitaji: kuwe na mahali ambapo asipofika Krismasi, mtu atauliza "mbona fulani hayupo?"

Desemba makao yetu yalipungua watoto. Masista na afisa ustawi wa jamii walikuwa wamewatafuta ndugu mwaka mzima. Bibi mmoja alikuja kutoka kijijini na mkungu wa ndizi kichwani kumchukua mjukuu wake kwa sikukuu. Hakumtupa mjukuu huyo. Mama wa mtoto alipofariki, bibi hakuwa na maziwa wala nauli ya hospitali, na makao yakawa mlango pekee uliokuwa wazi. Mtoto aliporudi Januari hakusimulia zawadi. Alisimulia kwamba ameonyeshwa kaburi la babu yake na mgomba ambao bibi amesema ni wake. Alitembea siku nzima kama mtu aliyerefuka.

Si habari ya mtoto mmoja. Mwaka 2009 shirika la Save the Children lilikadiria kwamba duniani angalau watoto wanne kati ya watano walioko vituoni wana mzazi mmoja au wote wawili hai. Umaskini, ugonjwa na ugomvi wa nyumbani ndivyo huwapeleka wengi. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa ulipitisha miongozo ya malezi mbadala inayosema familia itangulizwe, hasa kwa watoto chini ya miaka mitatu, na Tanzania ikatunga Sheria ya Mtoto inayotambua haki ya mtoto kuishi na wazazi au walezi wake. Kenya nayo mwaka 2022 ilitoa mkakati wa miaka kumi wa kuwahamisha watoto kutoka vituoni kwenda kwenye familia.

Je, makao yafungwe yote leo? Hapana. Wapo watoto ambao usiku huu hawana mlango mwingine. Kanisa linaijua kazi hii tangu zamani. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868 waliwapokea watoto waliokombolewa utumwani, ambao kwao hata jina la kijiji lilikuwa limepotea. Na wengi wa mapadre wale hawakurudi kwao. Makaburi yao yapo pale pale. Huo ni wito wa kubaki, na kama Mungu anakuita hivyo, sikia. Lakini kama umeitwa kwa miezi mitatu, itumikie miezi mitatu kwa ukweli wake, usiivalishe vazi la maisha yote.

Punje za maharage

Nilipobakiza mwezi, mama mlezi alinionyesha namna ya kuaga. Tulitia punje thelathini za maharage kwenye chupa dirishani. Kila jioni mtoto mmoja alitoa punje moja na kuitupa kwenye sufuria. Hata asiyejua kuhesabu aliona chupa inapungua. Wakaniuliza, "Anti, zikiisha unakwenda wapi?" Nikawaambia Taveta, nyuma ya mlima. "Utarudi?" Nikajibu sijui. "Mama je?" Mama yupo.

Sikuahidi kurudi, kwa sababu ahadi tamu isiyo na hakika ni deni unalomwandikia mtoto. Siku ya mwisho yule mdogo wa miaka minne, sasa mitano, hakunikimbilia. Alisimama mlangoni ameshika kanga ya mama mlezi, nusu amejificha, akanipungia mkono. Kwenye gari nilimshukuru Mungu kwa mkono ule ulioshika kanga kuliko ule ulionipungia.

Kabla hujafunga begi

Kwa hiyo, rafiki, nenda. Lakini kabla hujaenda, kaa mbele ya Ekaristi na maswali haya manne:

1. Nikiambiwa nitafua na kuchota maji tu, na hakuna mtoto atakayelijua jina langu, bado nitakwenda?
2. Nani atabaki na watoto hawa nikiondoka, na mimi nitampunguzia mzigo gani?
3. Nauli na matumizi yangu yangeweza kumrudisha mtoto mmoja kwa bibi yake kwa kununua mbuzi wa maziwa au kulipa ada? Kama ndiyo, kwa nini nisitume nusu?
4. Picha ya mtoto huyu, angekuwa mdogo wangu wa tumbo moja, ningeiweka mtandaoni?

Na kwa vikundi vyetu, VIWAWA wa parokia, TYCS shuleni, tunaozoea kutembelea kituo mara moja wakati wa Kwaresima na biskuti na wimbo: jaribuni mwaka huu kuwauliza walezi wanahitaji nini. Pengine watasema sabuni. Pengine watasema mtu wa kupasua kuni kila Jumamosi, kimya kimya, bila kamera. Na kwenye jumuiya zetu ndogo ndogo tuulize pia: ni bibi gani hapa kwetu analea wajukuu peke yake na yuko karibu kushindwa? Ukimshika mkono huyo leo, kuna mtoto hatahitaji kabisa kufika kituoni.

Nirudi kwenye swali. Je, ni haki kumfanya mtoto akupende huku unajua utamwacha? Nadhani ni haki kumpenda, tena ni wajibu. Kumfanya akupende, hilo liache. Mapendo yake ni mali yake, na yana wenyewe wanaobaki. Wewe wabebee ndoo.

Mtakatifu Yosefu, mlezi wa Mkombozi, utuombee. Mungu awabariki.